Shamba, Mimi, Kaka, Kupa

Siku yangu ya kwanza katika shule ya viziwi, hapa Nakuru, mwalimu mkuu alinipeleka darasa la pili, akaniambia, "Mwalimu, hawa watoto hupanga maneno ovyo. Wafunze kuashiria vile tunavyoandika, neno kwa neno. Mtihani hauna huruma."

Nikatii. Mtoto akiashiria "kitabu, mimi, mwalimu, kupa", nilimshika mikono nikamrudisha mwanzo: "Mwalimu alinipa kitabu." Kumbe hakuwa amekosea. Viziwi huanza na jambo lenyewe, kisha huwaweka watu mahali pao hewani, huyu hapa, yule pale. Nani alimpa nani utajua kwa safari ya mkono: hutoka kwa mpaji, hufika kwa mpokeaji. Niliwaona uwanjani wakisimuliana hivyo na kuelewana vizuri, nami nikaona ni mchezo wa watoto tu.

Miaka ikapita, nikahamishiwa kitengo cha viziwi karibu na Naivasha. Huko ndiko chifu alikoniita niwe mkalimani kwenye baraza la Ndabibi. Nyambura, niliyemfundisha Nakuru na sasa mama wa watoto wawili, alikuwa anazozana na kaka yake mkubwa juu ya nusu ekari. Mkalimani mwingine hakuwepo.

"Muulize ilikuwaje kuhusu hilo shamba," chifu akasema.

Nyambura akaashiria: shamba, mimi, kaka, kupa. Mkono wake ulitoka upande wa kaka ukaja hadi kifuani pake. Mimi nilikuwa nasoma ishara kama maneno ya ubaoni. Nikasema kwa sauti, "Shamba nilimpa kaka."

"Alimpa kwa hiari?"

Sikumrudishia Nyambura swali. "Ndivyo anavyosema," nikajibu.

Kaka yake aliinamisha kichwa. Chifu akaandika, wazee wakatia sahihi. Nyambura akanitabasamia, akidhani nimemsemea.

Kosa langu nililijua wiki mbili baadaye, alipokuja shuleni kuniuliza kwa nini kaka yake amelima mpaka kwenye mlango wa nyumba yake Nyambura. Nilienda kwa chifu siku hiyohiyo.

"Mwalimu, wazee walisikia kutoka kwa mdomo wako," akaniambia. "Na huyo kaka ameshauza. Sasa unataka nifanye nini?"

Nilienda kwa kaka pia. Hakufungua lango.

Nimestaafu sasa. Wakalimani vijana wakinijia huwaambia watazame mkono unakotoka, na wasipokuwa na hakika, waulize tena mbele ya watu wote, hata wakionekana wajinga. Mimi niliona haya kuuliza. Mwalimu mzima, mbele ya mwanafunzi wangu.

Nyambura ana kibanda cha chai Mai Mahiu. Mwaka huu nilipitia hapo, nikamwomba msamaha kwa ishara, nikizipanga kama anavyozipanga yeye. Alinitazama hadi nikamaliza. Kisha akapangusa mikono kwenye aproni, akachukua daftari, akaandika: "Chai ama kahawa?"