Mtoto Asiyekojoa Hadi Ukurasa wa Tisini

Nilinyang'anywa kadi ya maktaba kwa sababu ya mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa popote isipokuwa kwenye riwaya.

Maktaba yenyewe ni chumba cha mabati Kibera, nyuma ya kanisa, na anayeitunza ni mwalimu mstaafu tunayemwita Madam. Mimi naishi Kawangware, mtaa mwingine kabisa, upande tunaouita Kongo. Kila Jumamosi natembea hadi huko na mtoto mgongoni, maana sijui pengine wanapoazimisha riwaya mpya bila kukuuliza unafanya kazi gani. Wiki ikikosa kitabu, inabaki mimi, mtoto na redio ya jirani.

Sasa hizi riwaya mpya. Nazisoma zote na karibu zote zinanikera. Mwandishi akitaka kuonyesha umaskini, analeta mwanamke wa mtaani, anamfanya mpole, anampa macho ya huzuni, kisha anamuua ili mwanamume fulani apate funzo. Mwaka huu nimewazika wanawake wengi kuliko pasta wetu.

Iliyoniponza inasimulia maisha ya Gatwekera, kijiji cha humo humo Kibera. Nimekulia Gatwekera, kwa hivyo niliifungua kama landilodi anayekagua nyumba mpangaji akishahama. Ukurasa wa tatu tu, mama wa hadithi anafungua dirisha anavuta hewa safi ya asubuhi. Dirisha gani? Kwetu ukitoboa ukuta unakutana na kitanda cha jirani. Mvua ikinyesha, eti anasikiliza muziki wa mabati. Sisi tulikuwa tunasukuma kitanda na kutafuta sufuria. Ukurasa wa thelathini anajifungua, na hadi wa tisini huyo mtoto hajakojoa. Hajatapika, hajaumwa tumbo, hajalia kwa sababu ya meno. Amelala tu kwenye kikapu, mamake anawaza kuhusu uhuru. Nilikuwa nanyonyesha nikisoma hayo, na wangu alikuwa ameshanilowesha mara mbili katika sura moja.

Nikachukua penseli. "Nepi amefua nani?" nikaandika pembeni. Mbele kidogo, mama anavaa viatu anaenda mjini kumtafuta mpenzi wake, na kikapu hakitajwi tena. "Mtoto umemwachia nani, wewe?" Hapo nilibonyeza hadi karatasi ikatoboka.

Nilikuwa nimesahau kwamba Madam hukagua kila kitabu kikirudi, ukurasa kwa ukurasa, kidole kimelowa mate.

"Hiki kitabu ni cha mamako?"

"Hapana, Madam."

"Mbona umekipigia kelele hivi?"

"Nimesahihisha tu. Si hata wewe ulikuwa unasahihisha?"

"Mimi nilikuwa nalipwa." Akaitia kadi yangu kwenye droo. "Huyu mwandishi amesomea ng'ambo. Wewe umesomea wapi?"

"Form Four. Na wodi ya leba."

Hakucheka. Alisema nifute kila neno mbele yake. Kitabu kikitakata, kadi inarudi. Nikikataa, nitafute maktaba nyingine. Akanisukumia raba iliyotafunwa upande mmoja.

Nilitaka kuondoka. Kilichokuwa pembeni mwa kile kitabu ndicho kilichokuwa kweli ndani yake. Lakini niliiwazia Jumamosi ijayo bila kitabu, na ile itakayofuata, nikamshusha mtoto sakafuni nikaanza kufuta. Nilikuwa nafuta huku nikisonya.

Nilipofika kwenye ule ukurasa uliotoboka, Madam alinichukulia kitabu. Akasoma amesimama. Akafunua mbele, akafunua tena.

"Kwani huyu mtoto aliachiwa nani?"

"Hasemi. Nimetafuta hadi mwisho."

"Hata jirani?"

"Huyo mama hana jirani, Madam. Yuko Gatwekera na hana jirani."

Akashusha pumzi kama mtu anayesahihisha mtihani wa darasa zima lililofeli. Akanirudishia kitabu. "Futa hata hivyo. Ukiwa na neno, andika kwa karatasi yako, uniletee."

"Karatasi nitoe wapi?"

"Nunua. Si una mengi ya kusema?"

Nilifuta hadi mkono ukauma. Akatoa kadi. Nikachagua riwaya nene kuliko zote rafuni, ile ambayo nyuma wameandika kwamba inagusa moyo wa mama wa Kiafrika, nikambeba mtoto. Nilipofika 56, steji ya kwetu Kawangware, niliingia duka la kwanza nikanunua daftari kubwa. Kabla ya kufika kwangu nilikuwa nimesoma kurasa nne nikitembea, na mama wa Kiafrika alikuwa tayari ameshakufa.