Usingizi wa Melvina Billard

Melvina Billard alikuwa na miaka sabini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo aliimalizia kiwandani, akitoa minofu ya samaki. Nyumba yake ya mbao aliijenga babake juu ya mwamba, pwani ya kusini ya kisiwa cha Newfoundland, hatua ishirini tu kutoka majini. Kila Septemba dhoruba zilipoanza, alifunga madirisha, akateleka chai.

Jumamosi moja ya Septemba, asubuhi, Hedley, mpwa wake aliyejitolea katika zimamoto, alimgongea mlango kwa ngumi.

"Shangazi, toka! Maji yamepita ukuta wa bahari."

"Bahari hii naijua tangu sijaota meno."

"Leo yenyewe imeota meno. Twende!"

Alivaa koti, akachukua dawa za presha na mkate aliouoka jana yake. Picha aliziacha ukutani, maana alijua jioni atarudi.

Hawajafika kanisani kilimani, wimbi liliing'oa nyumba, likaisogeza kando nzima nzima, kisha likaivunja. Melvina aliliona pazia la jikoni likipepea nje. Hakulia. Aliuliza tu kama jirani yake Effie katoka. Alikuwa katoka. Siku hiyo zilikwenda nyumba kumi na moja, na mzee Garland, aliyemrudia mbwa wake, alipatikana Jumanne, keshakufa.

Waliopoteza nyumba walijengewa nyingine bara, mbali na maji, nyuma ya misonobari. Kila aliyekutana na Melvina alimwambia, "Pole, mama, najua unaikumbuka bahari." Naye aliitikia kwa heshima.

Siku moja ya baridi Effie alikuja kunywa chai.

"Nikwambie neno, lakini usinicheke," Melvina alisema. "Nalala."

"Kila mtu analala, shoga."

"Mimi nalala mpaka jua linatoka! Miaka yote ile nililala sikio moja wazi, wala sikujua. Naona haya hata kumwambia Hedley."

Effie hakucheka. Alivunja biskuti vipande viwili, asile hata kimoja.

"Mie huamka kila saa," alisema. "Nasikiliza, sisikii kitu. Kimya cha huku kitaniua."

Mwezi wa Mei Effie alihamia kwa bintiye, kwenye mji wa bandari. Melvina alimsaidia kufunga vyombo kwenye magazeti, akalipungia gari mkono, kisha akarudi kwake kwa miguu. Mchana ule alilima tuta la viazi.