Mfuko wa Kutolea Nyongo

Mimi huchinja mbuzi katika hoteli ya nyama choma huko Kamakis, na ninachoogopa kazini ni nyongo. Ikipasuka, ini lote huwa chungu na hakuna wa kulila. Kwa hivyo daktari wa Thika aliposema atatoa nyongo ya mama, iliyojaa mawe, kupitia tundu dogo kitovuni, niliwaza ini lake.

Alituonyesha mfuko mwembamba wa plastiki uliokunjwa ndani ya mrija. Ungefunguliwa tumboni, nyongo iingizwe, mdomo ufungwe kwa uzi, kisha uvutwe nje.

Mimi si mtu wa kuuliza maswali mbele ya watu, lakini siku hiyo niliuliza.

"Na ikipasuka kabla ya kuingia kwa mfuko?"

Mama alicheka. "Daktari, msamehe. Huyu anafikiri mimi ni mbuzi."

Daktari hakucheka. "Inaweza kupasuka, kijana. Ikipasuka tunaosha kwa maji, tunayafyonza, na mawe yaliyomwagika tunayaokota."

Mama alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa na jasho.

"Muulize lingine," akaninong'oneza.