Filamu Tuliyoiita Safi

Siku hizi mtu akiniambia filamu fulani ni safi, namuuliza, safi kwa nani? Hunitazama tu. Hudhani nataka ugomvi, na kweli nautaka. Neno hilo nililisema mimi mwenyewe, tena kwa kujigamba, na likanitokea puani.

Nakaa Barani, hapa Malindi, nashona sare za shule na majoho ya kwaya. Lakini kwetu ni Kakuyuni, na kanisa langu liko huko hadi leo; kila Jumapili asubuhi naenda kusali na watu wangu. Katika kina mama wa kanisa mimi ndiye mwenye televisheni kubwa na mdomo mkubwa. Kwa sababu ya vitu hivyo viwili wakaniweka kwenye kamati ya kuchagua filamu.

Kabla ya hayo ya filamu kulikuwa na tamthilia ya saa kumi alasiri, na hiyo niliitazama na shangazi yangu. Ni dada yake baba, mjane, anakaa peke yake Kakuyuni kwenye kipande cha shamba alichopewa na babu yangu alipofiwa na mumewe. Macho yake yameingia ukungu, na ni mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yake yote. Akiwa na miadi ya kliniki ya macho mjini, hufikia kwangu, akakaa siku tatu nne.

Tamthilia yenyewe ni ya nchi za mbali, imetiwa sauti za Kiswahili. Kuna bibi mmoja mstaafu wa posta, anaishi na paka wake katika mji mdogo kando ya ziwa. Kila siku mtu anauawa. Damu huioni, tusi hulisikii. Bibi anazunguka nyumba kwa nyumba, anauliza maswali, anakula keki, halafu anawaita watu wote sebuleni na kumnyooshea kidole muuaji. Na muuaji, maskini wa Mungu, anakiri papo hapo. Kisha watu wanakunywa chai.

Ilikuwa ikinikera, na sikuikosa hata siku moja. Mji mdogo namna ile, kila leo maiti, na hakuna matanga! Hakuna anayelala msibani, hakuna sufuria jikoni, hakuna hata mwanamke mmoja aliyejifunga leso kiunoni akalia kama watu. Marehemu amezikwa asubuhi, jioni wenziwe wanakata keki. Ebo! Nilikuwa nikiifokea ile televisheni mpaka jirani akidhani nina wageni.

Shangazi hakufoka. Yeye hakuwa akiona kitu pale ila mwanga, basi alisikiliza. Na ikifika nusu ya kipindi, husema, "Ni yule mwenye duka la maua."

"Umejuaje, shangazi?"

"Amelia kabla hajaambiwa aliyekufa ni nani."

Hakukosea hata mara moja. Nilikuwa nikicheka mpaka machozi, nikimwambia angezaliwa huko ziwani angekuwa na kipindi chake.

Sasa filamu. Mchungaji wetu alipata projekta, akatangaza kwamba Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, patakuwa na filamu ya imani kanisani, watoto na wakubwa pamoja. Filamu zikaja kwenye flashi, chungu nzima. Sisi kina mama watatu tukazikagua sebuleni kwangu, rimoti mkononi mwangu. Sheria zetu zilikuwa wazi. Pasiwe na matusi, pasiwe na pombe, pasiwe na mapaja nje, pasiwe na kubusiana. Tulizikataa nyingi. Moja tuliikataa kwa sababu ya nguo ya kuogelea iliyoanikwa kwenye kamba, na hakuna mtu aliyekuwa ameivaa.

Ile moja tukaipitisha. Ilikuwa ya mke na mume wema wasiopata mtoto. Ilikuwa na busu moja tu, nalo la wanandoa waliofungishwa ndoa kanisani mbele ya macho yetu, na bado tukajadiliana kwa muda mrefu. Tukakubaliana kwamba siku ya kuonyesha nitasimama karibu na projekta, na dakika ile ikifika niifunike taa kwa leso. Mchungaji akaleta karatasi, nikatia sahihi kwamba filamu ni safi na inafaa kwa familia. Nilitia sahihi kwa mbwembwe.

Siku yenyewe madirisha yakafungwa mashuka meusi, kanisa likajaa hadi mlangoni. Shangazi alikaa benchi la mbele pamoja na watoto, kwa vile ndipo mwanga unapomfikia. Busu lilipokuja nikafunika kwa leso, watoto wakaguna, kina mama wakanipigia vigelegele. Nikaona nimeliokoa kanisa zima.

Halafu nikaitoa leso, tukaendelea. Kumbe mke yule hazai kwa sababu ya jirani. Jirani ni ajuza, anakaa peke yake, mvi kichwa kizima, macho mekundu. Hatendi lolote filamu nzima ila kukaa mlangoni na kutazama, na muziki unavuma kila akionekana. Mwishoni mtumishi wa Mungu anaomba, ajuza anaanguka, anatambaa, anakiri kwamba ndiye aliyelifunga tumbo la mwenziwe. Moto unashuka kutoka juu unamteketeza, na yeye anapiga mayowe. Kanisa likalipuka kwa makofi. Watoto waliruka juu ya mabenchi. Na mimi, mwenye leso, nilipiga makofi hata viganja vikaniwasha.

Shangazi akanigeukia. "Wanashangilia nini?"

"Mchawi ameungua, shangazi."

Naye akapiga makofi.

Wakati ule ndipo nilipomwona msichana mdogo wa benchi la pili. Alikuwa ameacha kutazama ukutani. Alikuwa akikitazama kichwa cha shangazi, kitambaa kimemteleza, mvi zote ziko nje. Akamnong'oneza mwenziwe, na mwenziwe akatazama pia. Niliona kwa macho yangu haya na nikajiambia, watoto tu hao.

Watoto tu! Haki ya Mungu, sijawahi kujichukia kama ninavyojichukia kwa maneno hayo mawili.

Kwanza wakaacha kwenda kwake. Walikuwa wakipitia uani kwake wakitoka shule, akiwapa maji na mihogo ya kuchemsha. Siku moja uwanja ukawa kimya. Kisha binti wa binamu yangu akashikwa na degedege. Binamu huyu ni mwana wa baba yangu mdogo, na shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa nazi na korosho za shamba lilelile. Mtoto alipelekwa hospitali, akakutwa na malaria, akatibiwa, akapona, yuko anacheza. Lakini binamu yangu aliita kikao cha ukoo, na kabla hajasema neno akaanza kulia.

"Nyote mlikuwa kanisani," akasema. "Nyote mliiona filamu. Mnataka niseme nini zaidi?"

Nilikuwepo. Nilisimama nikamwambia aone haya, huyo ni mama yake kasoro kumzaa tu. Wazee wakaniambia niketi, ati maneno ya mjini. Watu wazima na akili zao, filamu wameifanya shahidi! Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee. Huyu amelelewa, akashiba, akaota ndevu, ndipo akamwona mlezi wake mchawi. Na kila mtu pale alijua kwamba kile kipande cha shangazi ndicho kinachopakana na barabara, na kwamba binamu yangu anataka kujenga vyumba vya maduka.

Tulipotoka shangazi alinishika mkono. "Umemsikia?" akaniuliza taratibu. "Amelia kwanza."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kilichokuwa kikimngoja. Wazee wangapi tumewazika waliokatwa mapanga au kuchomewa ndani ya nyumba, kosa lao mvi, na nyuma ya mvi kuna shamba? Na anayefanya si mgeni, ni mtu wa damu. Wiki iliyofuata shangazi alifungua mlango asubuhi, mguu wake ukagusa kitu. Ni kiberiti, kipya, njiti zote zimo. Alinipigia simu kunieleza, na akacheka. "Wamenipunguzia safari ya dukani," akasema. Alikoka moto wa uji kwa kiberiti kile kile. Mimi sikucheka.

Nilikwenda kwa mchungaji siku hiyo hiyo. Nilimwambia asimame madhabahuni awaambie watu kwamba ile filamu ni ya kutunga, na kwamba mvi si dhambi.

"Mama, ile ni filamu tu," akasema. "Watu wanaelewa."

"Wanaelewa? Wameweka kiberiti mlangoni!"

"Hilo ni jambo la ukoo wenu. Kanisa lisiingizwe."

"Kanisa ndilo lililoonyesha."

Akafungua faili, akaitoa karatasi akaiweka mezani. "Na wewe ndiye uliyepitisha. Hii hapa sahihi yako."

Niliitazama ile sahihi yangu ya mbwembwe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Watoto tuliwaficha mume akimpenda mkewe, tukawafunulia kikongwe akichomwa hai. Nani aliyetufundisha kwamba hicho ndicho kisafi? Filamu nzima niliikagua, nikatafuta uchafu kwenye midomo na mapaja, na uchafu wenyewe ulikuwa umekaa mlangoni na mvi zake ukinitazama.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, sikuomba ruhusa. Niliinuka nikachukua kipaza sauti. Nikakiri kosa langu mbele ya kanisa zima. Nikasema juu ya kiberiti, juu ya shamba na vyumba vya maduka, kisha nikamnyooshea kidole binamu yangu pale alipokaa na kwaya, amevaa joho nililomshonea mimi. Watu wote walikuwepo, kila mtu mahali pake, sawasawa na sebule ya yule bibi wa posta. Kwenye tamthilia, hapo ndipo muuaji husema, ndiyo, ni mimi.

Binamu yangu alilia. Akalia kwa sauti, joho likitikisika, na watu wakamkimbilia, wakamshika, wakampa maji. Mama mmoja aliyekuwa nami kwenye kamati alininyang'anya kipaza sauti, akaniketisha, akaanza kuniombea pepo la hasira linitoke. Shangazi alibaki kwenye benchi la mbele, na hakuna aliyekaa naye.

Nilimchukua siku hiyo nikaja naye Barani. Nikamwambia hatarudi tena, kitanda kipo, chakula kipo. Akakaa siku tano. Siku ya sita akasema anataka kwenda kwake.

"Watakuua, shangazi."

"Nikikaa hapa, shamba wameshalichukua," akasema. "Kaburi la baba yangu liko pale. Kuku wangu wako pale. Wewe una hasira, mwanangu, na hasira zako nazipenda. Lakini mimi nataka kulala kwangu. Nitafutie piko."

Jirani yangu, mama wa Kiswahili mwenye asili ya Lamu, hupamba maharusi. Ndiye mwenye hina na piko mtaani kwetu. Nilibisha hodi nikamwomba ile nyeusi ya nywele. Akauliza kama kuna harusi kwetu. Nikamwambia ni ya shangazi, anarudi Kakuyuni. Hakuuliza tena. Alinipa pakiti, akaingia ndani akaniletea na ya pili.

Nilitaka akatae. Nilitaka arudi na mvi zake nje, apite katikati ya kanisa, awatazame mpaka waone haya. Nilimwambia hivyo nikikoroga piko bakulini, nikigongesha kijiko kwa hasira. Shangazi alikaa kwenye kigoda, taulo mabegani, akaomba nimwashie televisheni. Ilikuwa saa kumi. Nikampaka kuanzia utosini, fungu kwa fungu, huku yule bibi akigonga milango ya watu na paka wake akilia.

"Mwanangu," akasema, "huyu bibi wa posta, nywele zake ni za rangi gani?"

Muda wote tuliokaa naye pale sikuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuuliza.

"Nyeupe, shangazi."

"Zote?"

"Zote. Nyeupe pe."

"Na anakaa peke yake."

"Yeye na paka."

"Na kila anakofika, mtu anakufa."

"Ndiyo."

"Na hawamfanyi kitu?"

"Hawamfanyi kitu. Wanamkaribisha chai."

Tone la piko lilimteremka shingoni, nikalipangusa kwa pembe ya leso. Kwenye televisheni watu walikuwa wakiitwa sebuleni.

"Basi nipake na nyusi," akasema.