Mwalimu Aliyepigwa Ngumi ya Uso

Mwalimu wangu wa karate amefariki, na namna nilivyoipata habari yenyewe imenitia kinyaa mpaka leo. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nimesimama dukani mjini nasubiri kupimiwa dawa ya wadudu wa kahawa, simu ikatetemeka mfukoni. Nikafungua kundi letu la wanafunzi wa zamani, nikakuta picha. Mwalimu kavaa sare nyeupe, yuko hewani, mguu mmoja umenyooka kama mpini wa jembe, nyuma yake kilele cha Kibo kimejazwa theluji ambayo sisi tunaoutazama mlima huu kila siku hatujaiona kwa miaka mingi. Chini wameandika kwa rangi ya dhahabu: SHUJAA ASIYEWAHI KUPIGWA AMEPUMZIKA. Kichwa kilikuwa chake, kimekatwa kutoka kwenye picha ya kipaimara cha mjukuu wake, maana tai ilikuwa bado inaonekana shingoni. Mwili sijui waliuokota wapi. Jamani, mzee yule hakuwahi kuruka teke maishani mwake! Aliyadharau mateke ya kuruka, akisema ukiruka mbele ya adui umemwachia yeye achague pa kukuangushia. Muuza duka, ambaye kama wengi huku mlimani huniita meku, yaani mzee, akaniuliza, "Meku, vipi, kuna nini?" Nikamwambia nimefiwa. Sikumwambia kwamba kabla machozi hayajanitoka, nilitamani kutema mate.

Kwa wasomaji ambao hawakumjua, mzee huyu alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa huku juu mlimani, na jioni alifundisha karate kwenye ukumbi wa usharika, sakafu ya saruji, viti vimesukumwa ukutani. Nilisoma kwake mpaka mkanda wa kijani, magoti yakagoma nikaacha, lakini urafiki ukabaki. Wanafunzi wake walikuwa walinzi, wapagazi, walimu wa shule za msingi, na siku hizi dada mmoja muongoza watalii ambaye nitamrudia. Alichofundisha si ile karate ya pointi, ambayo mtu anagusa tu, refa anapiga kelele, wote wanainama na kurudi mstarini. Yake ilikuwa ya kupigana kwelikweli, bila glavu, bila kofia. Ngumi za mbavu, mateke ya mapaja, magoti ya tumbo, mpaka mmoja akae chini. Ukitoka pale unashuka ngazi kinyumenyume kwa siku tatu. Ila mtindo huo una kanuni moja: ruhusa kumpiga mwenzako teke la kichwa, marufuku kumpiga ngumi ya uso. Sababu inaeleweka, mkono mtupu unavunja meno na vidole vyenyewe. Lakini ukiicheza kanuni hiyo miaka kumi unajenga tabia. Mnasimama kifua kwa kifua, mikono imeshuka mbavuni, uso uko wazi kabisa, na kila mmoja anajiona simba.

Ndivyo tulivyokuwa siku alipokuja bondia. Alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha sukari kule chini, mtu wa mkoa mwingine, mfupi, mpole, mwenye sauti ndogo. Alimwambia mwalimu, kwa heshima zote, kwamba ametazama mazoezi yetu na ameshangaa mbona hakuna anayeficha uso. Mwalimu akacheka, akamwambia aje Jumapili mchana baada ya ibada, wajaribu, kila kitu ruhusa. Nikaitwa mimi nishike saa. Ukumbini tulikuwa watatu tu na mlango tuliufunga. Mwalimu aliingia kama alivyotufundisha, akampiga yule bwana teke la paja ambalo mimi lingenilaza, na la pili likamfanya achechemee. Nikasema moyoni, imekwisha hii. Akaingia na la tatu. Ngumi ya kushoto ikamkuta puani, fupi, haina hata kishindo, kisha ya kulia ikafuata, na mwalimu wangu, mtu niliyeamini hawezi kuangushwa na chochote chenye miguu miwili, alikaa chini kwenye saruji huku ameduwaa, damu inachuruzika hadi kwenye mkanda mweusi. Saa yangu ilikuwa haijamaliza hata dakika moja.

Nilitaka kumkimbilia, akaninyooshea kiganja nibaki pale pale. Akafuta pua kwa mkono wa sare. "Ile ya kushoto," akamwambia bondia, "nionyeshe tena. Polepole." Wakashinda pale mchana kutwa, bondia anachechemea anafundisha, mwalimu pua imevimba anajifunza. Wiki iliyofuata alitusimamisha mstarini, akatusimulia kilichotokea bila kupunguza neno. "Miaka yote hii nimewafundisha vizuri nusu," alisema. "Nusu nyingine nilikuwa siijui." Kuanzia hapo hakuna aliyepewa mkanda mweusi bila kusimama na bondia dakika mbili, glavu mkononi, uso ruhusa. Mabondia walitoka kiwandani, yule mchomeleaji akiwaleta mpaka aliporudi kwao. Watu walitoka kwenye mtihani ule pua nyekundu, wengine wanalia, wengine hawakurudi tena. Na kila mwaka, kabla ya mtihani, mwalimu alirudia habari ya kupigwa kwake. Nilimuuliza siku moja kama haoni aibu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kipumbavu. "Aibu ya nini, mbe, ndugu yangu? Aibu ingekuwa kujua halafu nikanyamaza."

Nikimwuliza mtindo upi ni bora, maana watu hupenda sana ubishi huo na mimi nilikuwa mmoja wao, alijibu kwa swali: umekatazwa nini ndani yake? Karate ya pointi inakupa macho na miguu ya kuingia na kutoka, ila inakuzoesha kuacha ukishagusa. Ya glavu na kofia inaruhusu ngumi za uso, ila ile glavu nene inakupa ukuta wa kujificha ambao barabarani huna. Yetu inakupa mbavu za chuma na moyo wa kuvumilia, ila inakusahaulisha kwamba una pua. Kila mtindo una mahali walipokubaliana wasipigane, alisema, na hapo ndipo mtu asiyesoma kanuni zenu atakapokupiga. Mlevi wa sokoni Sanya Juu hajasoma kanuni.

Basi mwaka jana sukari na figo vikamlaza. Ukumbi ukashikwa na msaidizi wake, kijana wa makamo mwenye kadi za biashara na fulana zenye picha yake mwenyewe. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta zile dakika mbili za bondia. Alisema zinakatisha watu tamaa, tena zinachafua jina la mtindo, watu watauliza kama karate yenu ni kali mbona mnaomba msaada kwa mabondia? Akagawa mikanda. Mmoja aliyepata ni mlinzi wa mashine ya kukoboa mpunga Mabogini, baba wa watoto wawili. Mchana kweupe watu wakagombania foleni, akaenda kuamulia, mmoja akamgeukia. Wanaosimulia wanasema alisimama vizuri sana, kifua mbele, mikono mbavuni, kama kwenye picha. Alipigwa ngumi moja. Taya lilifungwa kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija wiki sita. Nilikuwa kando ya kitanda cha mwalimu siku alipoambiwa. Hakuuliza nani alimpiga. Aliuliza, "Nani alimwambia ashushe mikono?" Akageukia ukutani.

Nimeyasema yote hayo ili muelewe mazishi. Tulimzika kihambani kwake, katikati ya migomba, watu wengi, maturubai matatu. Ukasomwa wasifu wa marehemu, na msomaji alikuwa yule msaidizi. Sijui kama kuna maandishi yanayonichefua kama wasifu wa msibani. Kila maiti wa nchi hii alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu na mshauri wa vijana. Sijawahi kuzika mgomvi hata mmoja, wala mchoyo, ingawa nimeishi nao tele. Huu ulizidi. Mwalimu, tukaambiwa, alipigana mara zisizo na idadi na hakuwahi kupigwa hata mara moja. Watu wakaguna kwa sifa. Kisha akaongeza, taratibu, akitutazama tuliosoma pale, kwamba ndiyo maana ukumbi utaendelea na mtindo wake halisi, bila kuchanganya na mambo ya kuazima.

Zikafuata salamu za rambirambi, na kwa wanafunzi alisimama yule dada muongoza watalii. Mwalimu ndiye aliyemkabidhi darasa la Jumamosi kabla hajalazwa, mbele yetu, na kumwambia asije akaziacha zile dakika mbili. Alishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. "Shikamooni wazee. Mwalimu alipigwa," akasema. "Alituambia mwenyewe kila mwaka. Alipigwa ngumi ya uso akakaa chini, akajifunza, akatufundisha. Mimi nimeshapigana na mpagazi mlevi kambini, na meno yangu yote yapo mdomoni kwa sababu mwalimu alipigwa. Msimnyang'anye hilo." Shangazi mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyu binti ana adabu kweli?" Msaidizi akachukua kipaza sauti, anatabasamu kwa huzuni ya kujipaka. Akasema dada amechanganyikiwa na msiba, ile ilikuwa hadithi tu ya kufundishia, mwalimu aliitunga kuwapa watoto nidhamu. "Kama ni kweli, nani alikuwepo?"

Yule dada akanigeukia mimi. "Meku alikuwepo," akasema. "Ndiye aliyeshika saa."

Macho yote yakaja kwangu. Mimi, mtu wa umri huu, mwenye safu hii gazetini, ninayewafokea kila wiki kuhusu ukweli. Niliinuka. Nikakohoa. Nikaona mjane ananitazama, nikaona mchungaji anatazama saa yake, nikaona wazee wenzangu wa usharika wananiomba kwa macho nisiharibu. Nikasema, "Ndugu zangu, leo ni siku ya majonzi. Tusibishane mbele ya marehemu." Watu wakaitikia amina. Amina! Nimepongezwa kwa busara na watu wanne kabla ya kufika kaburini. Yule dada alikaa chini, hakuniangalia tena. Na baada ya kutupa udongo, mimi huyu nilikula ndizi nyama sahani mbili, nikashushia na mbege nyuma ya nyumba, nikarudi kwangu.

Siku nne baadaye kikao cha ukumbi kilimnyang'anya yule dada ufunguo na darasa lake. Sababu iliandikwa: kumdhalilisha marehemu hadharani. Dakika mbili za bondia zimefutwa rasmi, kwa hoja kwamba mwalimu mwenyewe, asiyewahi kupigwa, hakuzihitaji. Kuna watu kumi na wawili watapewa mikanda mwezi ujao, wanne kati yao wanaomba kazi ya ulinzi. Nafikiria mataya yao. Nafikiria pia jinsi tunavyoishi namna hiyo kila mahali, kwenye kamati zetu za shule, kwenye mikutano ya wakulima, kwenye sherehe za kuagana maofisini: tunachapana mbavu kwa makelele mengi, lakini tumeshakubaliana hakuna atakayegusa uso wa mtu. Halafu tunavishana mikanda na kupiga picha.

Nikaandika makala hii, ya kusema kwamba mwalimu alipigwa, ngumi ya kushoto na ya kulia, ukumbini, Jumapili mchana, nami nilikuwepo na saa mkononi; kwamba yule dada hakusema uongo hata neno moja, na aliyeudanganya umati ule ni mimi kuliko msaidizi, kwa sababu yeye hakuwepo siku ile, mimi nilikuwepo. Kabla ya kuipeleka chumba cha habari nikaenda kumsomea yule dada nyumbani kwake. Alikuwa anaanika mahema ya wageni uani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, wala hakunikaribisha kiti.

"Shikamoo yako nakupa, meku," akasema. "Lakini humo ndani hujataja mtu hata mmoja."

Nikamweleza kwamba ndivyo safu hii ilivyo, haitaji majina, ni kanuni yangu tangu zamani, nalinda heshima za watu.

"Ndiyo," akasema. "Na nyie uso ni marufuku." Akaendelea kuanika. "Gazeti watafungia maandazi. Kikao kipo Jumamosi saa nne. Uje useme wakikuona."

Nilikunja karatasi zangu nikaondoka. Maisha yangu yote nimeiita kanuni ile uungwana, na ilibidi binti mwenye hasira aniambie kwamba ni mahali tu nilipokubaliana na nafsi yangu nisipigwe. Mtu anaweza kuandika makala mia za ukali bila kumtazama yeyote machoni, akajiona shujaa, na siku anapoulizwa swali moja mbele za watu akakaa chini kwenye saruji. Mwalimu alipokaa chini aliomba aonyeshwe tena. Hilo ndilo nililopaswa kujifunza kwake, si mateke. Jumamosi saa nne nitakuwa ukumbini, na nimelichapisha hapa mbele yenu wote ili nikiamka siku hiyo nimebadili nia, nisiwe na pa kukimbilia.