Bao la Kumfurahisha Mkwe

Nichekeni tu, jamani, nimeshazoea, maana mpaka leo nikikutana na wachezaji wenzangu pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya Jeppestown, mtaa wetu huku ugenini, najifanya natafuta kitu mfukoni. Mimi Papa Neema, fundi cherehani, golikipa wa wazee wa kanisa letu, niliachia bao makusudi mbele ya waumini wote, na niliachia kwa ajili ya Mmarekani.

Mmarekani mwenyewe ni Derek, mkwe wangu, kijana mrefu mwenye adabu, aliyemwoa binti yangu Neema baada ya kukutana naye chuoni Doornfontein. Wiki ile alikuwa amekuja kumchukua waende kuishi kwao moja kwa moja. Neema ndiye mtoto wangu wa pekee, na usingizi ulikuwa umenikimbia kwa wazo moja tu: huyu kijana akipokea simu tutaongea nini? Tutasalimiana, nitamuuliza baridi, atanijibu baridi, halafu kimya, na siku moja simu zenyewe zitaisha. Nikasema hapana, lazima nimpate kwenye mpira, maana mwanaume ukiwa na mpira hukosi maneno.

Shida ni kwamba mpira alikuwa haupendi kabisa. “Papa,” aliniambia (kwa Kiingereza tunachoelewana nacho, kwa heshima, lakini aliniambia), “watu wanakimbia muda wote ule, halafu sifuri kwa sifuri, wanashikana mikono wanakwenda nyumbani? Kwetu nani atalipa kiingilio aone hivyo?” Eish! Nikamwambia asubiri Jumamosi, tunacheza na kanisa la Warundi, ataona mabao mpaka achoke.

Basi Jumamosi nikamweka kwenye kiti cha plastiki, peke yake, mbali kidogo na wazee, kwa sababu kwetu Lubumbashi baba mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega, mkwe unamheshimu kwa kumpa nafasi. Mimi nikaenda golini, moyo mweupe, nikijua nimefanya mambo kama mtu aliyelelewa vizuri.

Kipindi cha kwanza, sifuri kwa sifuri. Nikamwona Derek anapiga miayo. Cha pili kikaanza, mpira ukaja taratibu kushoto kwangu, mpira ambao hata bibi yangu angeudaka na kikapu kichwani, na hapo ndipo shetani akanipitia: nikaruka kulia. Nikaruka vizuri sana! Warundi wakalipuka kwa vigelegele, nami nikainua kichwa, mavumbi mdomoni, nione mkwe anavyofurahi. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hakuona kitu!

Sasa ningefanya nini? Bao la pili nikaliachia akiwa anaangalia, akapiga makofi mawili ya adabu. La tatu, kweli naapa, liliingia lenyewe, kwa sababu mabeki walikuwa wameshakata tamaa na mimi magoti yameshakataa. Fiston, kapteni wetu, akanijia anatoka jasho: “Papa Neema, umerogwa, ama umekula hela ya Warundi?” Wakanitoa, wakamweka golini mpiga ngoma wa kwaya, na yule akadaka kila kitu.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Wapi! Tumekaa wote, Warundi na sisi, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mezani, Neema akasimama na mwiko mkononi: “Papa, mpira ulikuwa kushoto, wewe umeruka kulia, na macho yako yalikuwa kwa mume wangu. Kwa nini?” Nikasema yote kwa Kiswahili mbele ya mchungaji, mpaka ile habari ya simu. Neema akawa anamtafsiria mumewe huku akifuta machozi.

Derek akabeba kiti chake cha plastiki, akaja kukiweka karibu yangu kabisa, bega kwa bega (wazee wakakohoa). “Papa, sikuhitaji mabao,” akasema. “Kwetu tuna mchezo wetu, unasimama kila mara, na ukisimama baba yangu ananieleza huyu ni nani, yule anafanya nini. Ndivyo nilivyoupenda. Leo nilikaa peke yangu, sikuwa na wa kumuuliza.”

Mniamini au msiniamini, nilimwona baba yangu. Nilimwona na baiskeli yake nyeusi, akinipeleka uwanjani siku za mapumziko ya mgodini, karanga kwenye karatasi, akinisemea sikioni mchezo mzima mpaka masikio yananiwasha. Mabao ya siku zile sikumbuki hata moja. Nakumbuka harufu ya koti lake. Mimi niliyemwona Derek hajui mpira, nilikuwa nimesahau jinsi mimi mwenyewe nilivyoujua.

Golini sirudi tena nikiwa na mgeni, hata wanibebe, na mkwe wangu simpi tena kiti cha mbali, wazee wakohoe mpaka wachoke. Neema na mumewe wameondoka, nyumba ni kubwa mno. Mpira bado Derek haupendi. Ila ananipigia simu akiangalia ule mchezo wao wa fimbo na kampira kadogo, ananieleza nani kapiga, nani kakimbia, kwa nini wote wamesimama. Juzi akauliza, “Papa, unaelewa?”

“Sielewi hata kidogo,” nikamwambia. “Endelea tu, mwanangu.”