Saa za Babu Kengele

Nyuma ya ukuta wa kitanda changu anaishi Babu Kengele na saa zake. Mimi ni fundi cherehani, kelele nimezizoea, lakini zile, jamani! Hii ikimaliza kugonga, ile inaanza. Jogoo wa bati akiacha kudonoa, ndege wa mbao anachomoza kwenye kijumba chake na kupiga mayowe. Na humo ndani hamna saa hata moja inayosema wakati wa kweli. Babu akitaka kujua wakati, anagonga ukuta: "Mama Cherehani, saa ngapi?" Nami nampazia sauti.

Mtu huyuhuyu alipiga kengele ya shule mpaka akastaafu, na hakuchelewa hata siku moja. Nikamuuliza, "Baba, umezivuruga makusudi?"

"Nimezipishanisha," akasema. "Tangu mama watoto atangulie, nyumba ikinyamaza siiwezi. Hivi, kila mara kuna anayesema neno."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Siku moja akaja mbio, meno yote nje. Binti yake anakuja Jumapili, na mjukuu ambaye hajawahi kumwona! "Akizikuta hivi atasema nimechanganyikiwa," akanong'ona. Basi Jumamosi nikaingia na saa yangu ya mkononi, nikawa namsomea, naye anazirekebisha moja baada ya nyingine. Saa ya paka mwenye macho yanayocheza akaishusha kwenye kigoda, mtoto aifikie.

Jumapili asubuhi zikagonga zote pamoja, kopo langu la vifungo likatetemeka. Kisha kimya. Nikamsikia akikohoa, akisogeza kiti. Zikagonga tena, halafu kimya kilekile. Mlango wake haukubishwa na mtu. Mchana simu ikalia.

"Haya, mama. Hapana, wala usijali. Kazi ni kazi. Nibusie mtoto."

Alisema kwa uchangamfu, utadhani kapewa zawadi. Nikamchukia yule binti, simjui hanijui. Nikashona mkono wa gauni kinyume.

Jumatatu nikaamka, ukuta kimya. Si tiki, si mlio. Nikaenda kuupiga mlango kwa ngumi.

"Baba! Umekufa au unaringa?"

Akafungua, bado kavaa shati la Jumapili. "Nimezisimamisha. Angalau wewe ulale."

"Nani kakwambia nimelala? Sijapata hata lepe la usingizi!"

Nikapita bila kukaribishwa. Paka alikuwa bado kwenye kigoda, anamsubiri mtoto. Nikamtia ufunguo mgongoni, nikazungusha, na macho yakaanza kwenda huku na huku. Babu alimtazama weee, mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Kisha akamteremsha jogoo wake rafuni. Kidole kikasita kwenye mshale.

"Nimuweke saa ngapi, Mama Cherehani?"

"Yoyote," nikamwambia. "Ila asigonge pamoja na paka."